Sekunde 43 zilivyotesa GitHub siku nzima, na kwa nini doh yako pia imo kwa hii story

Uko kwa duka. Mkate na maziwa viko kwa kaunta, nyuma yako kuna foleni ya watu wamenuna. Umeweka PIN, unangoja meseji. Haiingii. Mwenye duka ameanza kukuangalia vibaya.

Wengi wetu hapo tunalaumu netiweki. Lakini kuna siku netiweki iko fiti kabisa. Kilicholala ni databesi, ile daftari kubwa ya kompyuta inayojua uko na pesa ngapi na umetumia nani.

Sasa wasee wa kompyuta hufanya nini ndio hiyo daftari isilale?

Chukulia ni chama yenu

Kama daftari ya chama ni moja na iko kwa mweka hazina, siku ameenda ushago na simu imezima, mambo imesimama. Kwa hivyo mnapea watu watatu daftari. Mmoja ndiye mkuu: kila kitu inaandikwa kwake kwanza, wale wengine wanakopi. Akipotea, mmoja wao anashika usukani.

Hiyo ndiyo klasta. Seva kadhaa zinaweka data moja, na moja ikizima, kazi inaendelea.

Mbona watatu na si wawili? Juu wawili wakikosa kupatana kwa simu, kila mmoja atadhani mwenzake amepotea, ajifanye mkuu, aanze kuandika. Huku umeweka soo tano, kule umetoa elfu. Jioni mko na daftari mbili, kila moja na ukweli wake. Hiyo ni noma kuliko kuzima.

Wakiwa watatu, sheria ni rahisi: huwezi kuwa mkuu bila kura za walio wengi, yaani wawili kwa watatu. Ukijipata peke yako, unaacha kuandika. Ndio maana klasta nyingi huwa na seva 3 ama 5. Ukiwa na 3 unaweza poteza 1. Ukiwa na 5, unaweza poteza 2. Ukiwa na 4? Bado ni 1 tu, so umenunua seva ya bure.

Halafu kukaja GitHub

GitHub ndiyo mahali madeveloper wa dunia nzima huweka kazi zao. Tarehe 21 Oktoba 2018, mafundi walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao kilichoanza kuharibika, upande wa mashariki mwa Marekani. Kituo chao kikuu cha data kikakatika na mtandao kwa sekunde 43. Hata chai haijapoa.

Lakini kwa hizo sekunde, programu inayochunga databesi ilipiga kura. Seva zilizokuwa zinaonana zikapata wengi, na ukuu ukahamishiwa magharibi mwa nchi. Kura ilienda vile ilipangwa.

Shida ni hii: mashariki kulikuwa na vitu vimeandikwa na havijafika magharibi. Mtandao uliporudi, magharibi nako kulikuwa kumeanza kuandikwa vitu vipya. Daftari mbili, kila moja iko na kurasa zenye ingine haina. Klasta moja yenye shughuli mob ilikuwa na maandishi 954 ya aina hiyo.

Wangerudisha kila kitu mashariki haraka, lakini data ya watu ingepotea. Wakachagua kwenda polepole: kurudisha bakapu, kulinganisha, kungoja. Huduma ilisumbua kwa saa 24 na dakika 11.

Hapo ndipo siri iko

Kura inakuambia nani ni mkuu. Haikuambii kama huyo mkuu mpya amesoma ukurasa wa mwisho. Dawa yake ni mkuu asiseme "imeingia" mpaka angalau mwenzake mmoja akubali ameandika pia. Bei yake ni kungoja, na kopi zikiwa mbali, unangoja zaidi. Kwa likes za picha, unaweza hata ruka hiyo hatua. Kwa pesa, afadhali ungoje.

Na usichanganye klasta na bakapu. Ukifuta kitu kimakosa kwa mkuu, wengine watakopi hata hilo kosa. GitLab waliona hii moto Januari 2017. Injinia alifuta data kwa seva isiyofaa, kuangalia bakapu, kumbe zilikuwa zinafeli kimyakimya. Waliokolewa na kopi ya kama saa sita nyuma. Kilichoingia baada ya hapo kilienda.

So kama unajenga apu yako, weka kopi tatu, zisikae nyumba moja wala kwa stima moja. Jaribu kurudisha bakapu kabla uhitaji. Na siku moja tulivu, zima mkuu makusudi uone kama wengine wataamka.

Na kama wewe ni mteja tu hapo kwa kaunta, meseji ikikataa kuingia usikimbilie kutuma tena. Angalia salio kwanza. Inaweza kuwa ile ya kwanza ishaandikwa mahali, ni vile tu hujaambiwa.