Saratani ya Matiti (Sehemu ya 2): Je, Dawa Itamkubali?

Juma lililopita tulieleza kwa nini daktari hutanguliza kemo, upasuaji ukafuata: uvimbe hupungua, na pengine titi likaokolewa. Utafiti wa NSABP B-18, ulioanza Marekani mwaka 1988, ulionyesha kwamba kutanguliza dawa hakumpunguzii mgonjwa siku za kuishi. Isitoshe, wale ambao uvimbe wao ulitoweka kabisa ndio walioishi zaidi. Je, tunaweza kujua mapema dawa itamkubali nani?

Kwanza hutazamwa vipokezi. Seli za uvimbe hutiwa rangi maalumu, kisha hadubini huonyesha kama zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, au protini ya HER2 kwa wingi. Uvimbe wa homoni usio na HER2 ni sugu kwa kemo: unaotoweka kabisa ni kama mmoja kati ya kumi, au hata pungufu. Huo hutegemea zaidi vidonge vya homoni. Usio na chochote kati ya vitatu hivyo ni mkali, ila kemo huumaliza kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu. Wenye HER2 unahitaji dawa yake. Katika utafiti wa NeoSphere, uliochapishwa mwaka 2012, kuongeza pertuzumab juu ya trastuzumab (zote mbili ni dawa za HER2) na kemo ya docetaxel kulipandisha kiwango cha wagonjwa ambao uvimbe ulitoweka titini kutoka asilimia 29 hadi 45.8.

Lakini utabiri huu wote unaanzia kwenye kinyama kilichotolewa kwa sindano. Kinafaa kuzamishwa katika fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja, kikae humo kwa saa 6 hadi 72. Kikikauka, au kikitiwa maji matupu, vipokezi huharibika, na mwenye vipokezi vya homoni huandikiwa kuwa hana, akanyimwa vidonge vyake.

Huku Eastlands, Nairobi, si ajabu jamaa wa mgonjwa kukabidhiwa chupa yenye kinyama hicho aipeleke maabara. Matatu ya Jogoo Road imshushe Muthurwa, apenye kati ya mikokoteni na marundo ya mitumba, afike Ijumaa jioni na kukuta maabara imefungwa. Jumatatu saa 72 zinakaribia kwisha, na kwenye chupa hapakuandikwa kinyama kilitolewa saa ngapi.

Matibabu yakianza, uvimbe wenyewe hujibu. Baada ya dozi mbili hivi daktari huupima tena kwa mkono na ultrasaundi. Ukizidi kukua, dawa hubadilishwa. I-SPY 2, utafiti ulioanza Marekani mwaka 2010, hufuatilia mabadiliko ya uvimbe kwa picha za MRI.

Basi mama, kabla ya dozi ya kwanza, omba kuona karatasi yenye majibu yote matatu. Na ukipewa chupa, uliza ina fomalini au maji, na hakikisha saa imeandikwa.

Juma lijalo: uvimbe uliosalia baada ya kemo, na dawa zinazofuata.