Pumzi na Moyo Uendao Mbio

Wako Wakristo wengi wenye taabu wasiyoisema. Usiku, nyumba imetulia na watoto wamelala, ghafula moyo huanza kwenda mbio. Kifua hubana, jasho hutoka viganjani, vidole na midomo hufa ganzi. Asubuhi jirani huja, husikiliza, hutikisa kichwa, husema, "Hii si homa. Yuko mtu aliyekutupia kitu." Ndipo ugomvi huingia nyumbani: mmoja ataka kumwita mganga, mwingine ataka kuomba, na wazee waulizana ni nani mwenye kijicho. Tena wako wasioshuku uchawi, bali hujishuku nafsi zao, wakisema, "Lau ningekuwa na imani ya kweli, nisingetetemeka hivi." Mwezi huu twataka kuwaeleza wote hao jambo ambalo mwili hulifanya wenyewe, na jinsi pumzi iwezavyo kulituliza.

TEZI MBILI JUU YA FIGO

Juu ya kila figo Muumba ameweka tezi ndogo, uzito wake yapata gramu 4 au 5 tu. Tezi hizi humimina katika damu vitu viitwavyo homoni, navyo huchukuliwa na damu kupeleka amri mahali pote mwilini. Homoni mbili za tezi hizo ndizo zinazotuhusu leo: adrenalini na kotisoli. Adrenalini ilipatikana ikiwa safi kwa juhudi za Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, naye alitangaza habari zake mwaka 1901.

Miaka michache baadaye Walter Cannon, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, alitaka kujua tezi hizi hufanya nini mnyama aogopapo. Mwaka 1911 yeye na mwenzake walichukua damu ya paka aliyetulia, kisha wakachukua damu ya paka yule yule baada ya kubwekewa na mbwa. Damu ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili ilikuwa na adrenalini. Hofu ya paka ilikuwa imekwisha ingia katika damu yake.

Basi ndivyo ilivyo kwetu pia. Akitokea chui njiani, adrenalini hufanya kazi upesi sana: moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huenda mbio, damu huacha tumbo ikaenda miguuni, na mtu hupata nguvu za kupigana au za kukimbia. Kotisoli huja nyuma yake polepole, na kilele chake hufika baada ya dakika 20 au 30 hivi. Kazi yake ni kuongeza sukari katika damu ili nguvu zisiishe mapema. Tukifananisha na msafara wa zamani, adrenalini ni kirangozi atanguliaye, na kotisoli ni wapagazi wafuatao na vyakula.

Kwa hiyo kutetemeka si dhambi, wala si alama ya imani haba. Ni ulinzi tuliopewa. Taabu ni kwamba mwili haupambanui sawasawa kati ya chui na deni. Ada ya shule isipopatikana, mtoto akiugua, barua ikija na habari mbaya, tezi zile zile humimina homoni zile zile, wala hapana mahali pa kukimbilia. Msafara huondoka kila siku bila kufika. Kama hali hiyo ikidumu miezi mingi, usingizi hupotea, shinikizo la damu huweza kupanda, na nguvu za mwili za kupigana na maradhi hupungua.

MSHIPA UTULIZAO

Lakini Mungu hakuuacha mwili na mwenye kuamsha tu pasipo mwenye kutuliza. Uko mshipa wa fahamu utokao chini ya ubongo, ukashuka shingoni, ukapita moyoni na mapafuni hata kufika tumboni. Matabibu huuita vagasi. Kazi yake mojawapo ni kuuambia moyo, "Pole pole." Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Graz nchini Austria, alilionyesha jambo hili kwa mioyo miwili ya vyura. Aliuamsha mshipa huo kwenye moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayatia katika moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo vile vile, ingawa haukuguswa mshipa wake. Hivyo ilijulikana kwamba mshipa hutoa kitu chenye kutuliza. Kwa kazi hiyo Loewi alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Sasa, msomaji, shika kifundo cha mkono wako usikilize mpigo wa damu, huku ukivuta pumzi na kuitoa polepole. Pengine utasikia kwamba uvutapo pumzi moyo huharakisha kidogo, na uitoapo hupunguza mwendo. Sababu ni kwamba mshipa ule hulegeza kazi yake pumzi iingiapo, na kuikaza pumzi itokapo. Basi mtu akiirefusha pumzi itokayo, aupa mshipa huo nafasi kubwa zaidi. Hatuwezi kuuamuru moyo utulie, wala kuziamuru tezi zifunge milango. Lakini pumzi twaweza kuiongoza, nayo huwa kama mlango wa uani wa kuifikia nyumba ambayo mlango wake wa mbele umefungwa.

YALIYOONEKANA KWA MAJARIBIO

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa mji wa Pavia, Italia, walitangaza jaribio walilowafanyia watu 23. Waliwaomba wasali Rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wayakariri maneno ya ibada ya Kihindi. Kwa yote mawili pumzi za watu zilishuka zikawa karibu 6 kwa dakika, ambapo mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta 12 hata 20, na mwendo wa moyo na wa damu ukapatana vizuri zaidi.

Na kotisoli je? Mwaka 2017 wataalamu wa China walitangaza habari za watu 40 waliogawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa kupumua polepole kwa tumbo, mara 20 katika majuma 8. Mwisho wake kotisoli katika mate yao ilikuwa imepungua. Jaribio hilo ni dogo, wala mtu asilifanye kuwa ahadi kubwa. Lakini lapatana na yale tuliyoeleza juu.

Tena pumzi yaweza kufanya kinyume. Huko Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2014 ilitangazwa kwamba watu waliozoezwa kupumua kwa nguvu na haraka, kisha kuzuia pumzi, walipandisha adrenalini yao kwa wingi. Hapa twapata maana ya lile ganzi la usiku. Mtu mwenye hofu hupumua upesi kuliko haja ya mwili, akaitoa mno hewa ya kaboni iliyo katika damu. Ndipo kichwa huzunguka, na vidole na midomo hufa ganzi. Mtu asiyejua husema ni pepo. Kumbe ni pumzi.

JE, SI DESTURI ZA DINI NYINGINE?

Wengine watauliza hivyo, na swali lao ni la haki. Twajibu: mwili wa Mkristo na mwili wa asiye Mkristo umeumbwa na Mmoja, na jaribio la Pavia laonyesha kwamba moyo hauulizi maneno yasemwa kwa lugha gani. Lakini kwa sababu iyo hiyo, tusiseme kwamba utulivu wa mwili ndio sala. Sala ni kunena na Baba. Pumzi yatuliza nyumba ili mtu apate kunena. Anayetulia asimwombe Mungu amepumzika tu. Na aombaye huku akitetemeka, Mungu amsikia vile vile.

NAMNA YA KUFANYA

Keti wima, miguu chini, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hata nne, tumbo likiinua mkono, wala mabega yasipande. Kisha itoe taratibu ukihesabu moja hata sita. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Usilazimishe, kichwa kikizunguka, acha, upumue kama kawaida. Moyo waweza kutulia mapema, lakini kotisoli iliyokwisha ingia katika damu haiondoki mara moja. Kwa hiyo uwe na saburi.

Walimu, ninyi hasa fikirini jambo hili. Mtoto akivunja kibao au akitukana darasani, adrenalini ya mwalimu hupanda kabla ya akili yake kusema neno, na mkono ulioinuka saa ile hauadhibu, bali hulipiza kisasi. Hasira, hasara. Pumzi tatu ndefu mbele ya darasa hazimwondolei mwalimu heshima. Huenda zikamwokoa mtoto na jeraha, na mwalimu na majuto. Na ninyi wazazi, mtoto aliaye kwa hofu huifuata hali ya mamaye ampakataye. Mama akitulia, mtoto hutulia upesi zaidi.

Lakini angalieni. Maumivu ya kifua, pumu, kuzimia, au moyo uendao mbio bila sababu siku nyingi, ni mambo ya kupelekwa hospitali upesi. Pumzi si badala ya tabibu, wala hailipi deni, wala haiponyi homa. Huzuni isiyoondoka majuma mengi nayo yahitaji msaada wa tabibu na wa wenzetu kanisani.

Katika Mwanzo, sura ya pili, twasoma kwamba uhai wa mtu ulianza kwa pumzi aliyopewa na Muumba wake. Basi usiku moyo ukienda mbio, usimtafute adui nyumbani kwa jirani, wala usijihukumu kuwa huna imani. Washa taa, keti, hesabu nne na sita, kisha uombe. Na jirani akija asubuhi na maneno yake, msomee ukurasa huu.