Hodi na Baraza: Utangulizi wa Chaneli za Udhibiti katika Mitandao ya Simu

Panda Mtanda jioni, juu ya mji wa Lindi, ugeukie ghuba. Ng'ambo ni rasi ya Kitunda, na kati yako na Kitunda ngalawa zinatoka kuvua. Toa simu, bonyeza *150*00#, subiri orodha ya M-Pesa itokee. Karibu, msomaji. Umeshaingia katika somo letu kabla sijakutajia neno moja la kitaalamu.

Wengi wakitaja mtandao huwaza sauti, picha na video. Vitu hivyo hupita kwenye chaneli za matumizi, na ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya mawimbi. Kando yake kuna njia nyembamba, chaneli ya udhibiti, ambayo simu na mnara huitumia kupeana maagizo: nani anataka huduma, ashike nafasi ipi, kwa muda gani. Imefanywa nyembamba kwa makusudi, kwa kuwa kila inachochukua ni nafasi iliyopungua kwa mazungumzo yenyewe. Kuigawa njia hiyo kwa huduma zenye mahitaji tofauti ndiko kunakoitwa kuratibu, na ndiyo kazi ya kitabu hiki.

Tuanze na adabu. Huingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na simu nayo haiingii. Katika GSM, teknolojia ya kizazi cha pili, iko chaneli maalumu ya hodi. Simu hutuma ishara fupi bila kujua kama jirani naye anabisha wakati huohuo. Wakigongana, huenda asisikike yeyote. Basi kila mmoja hungoja kwa muda wa kubahatisha, kisha hubisha tena. Mbinu hii ilitokana na ALOHA, mtandao wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioanza kazi mwaka 1971.

Hodi ya GSM ina biti 8 tu, yaani tarakimu nane za sifuri au moja. Hata hivyo, ndani ya ufinyu huo imeachwa nafasi ya kueleza shida. Anayepiga 112 kuomba msaada wa dharura, hodi yake huanza na 101, na mnara unaweza kumtanguliza kabla haujajua jina wala namba yake. Mimi hadi leo jambo hilo hunifurahisha. Ule utofauti wa huduma tunaousoma umo tangu ishara ya kwanza kabisa.

Mnara ukisikia hodi, hukukaribisha barazani. Wahandisi huliita baraza hilo SDCCH, nami nitabaki na baraza. GSM hukata kila mkanda wa masafa wa kilohezi 200 katika zamu 8 zinazojirudia. Zamu moja hubeba simu moja ya sauti, au hugawanywa ikatoa baraza 8. Anayepiga simu hukaa barazani sekunde chache, akatambuliwa, kisha akapelekwa ndani kwenye chaneli ya sauti. Ujumbe mfupi, usipokuwa kwenye mazungumzo, humalizikia hapohapo barazani. USSD, yaani huduma ya nyota na reli uliyoibonyeza sasa hivi, hushika baraza muda wote: unaposoma orodha, unapochagua, unapoingiza namba ya siri. Ukienda kutafuta miwani, baraza bado limeshikwa na wewe.

Sasa fikiria msimu wa korosho, malipo yameanza kuingia na kila mkulima anataka kuona salio. Huenda ukashangaa simu ya sauti ikikataa kuunganika ilhali chaneli za sauti zipo tupu. Si ajabu: hakuna pa kumpokelea mgeni. Wabunifu wa GSM wa miaka ya 1980 hawakujenga baraza hilo kwa ajili ya pesa, na M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Dawa mojawapo ni kugeuza kwa muda zamu ya sauti iwe baraza nane, kisha kuirudisha msongamano ukiisha.

Kizazi cha nne kilibadili mtindo. Humo mnara hupiga mbiu kila milisekunde: fulani, data yako iko kipande kile. Milisekunde moja hukatwa sehemu 14, na kwa kawaida mbiu hupewa kati ya 1 na 3 za mwanzo. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye moyo wa fani hii. Mtu aliye sokoni karibu na mnara huitwa kwa kipimo kimoja cha nafasi ya mbiu. Mvuvi aliye mbali baharini huenda akahitaji vipimo 8, kwa sababu wito uleule lazima urudufiwe ndipo umfikie mzima. Kizazi cha tano kimeongeza hadi 16. Gharama ya kumwita mvuvi huyo mmoja kwa vipimo 8 ingewaita wanane wa sokoni. Aachwe? Asubirishwe? Mratibu, yaani programu ya mnarani inayoamua, hana budi kujibu kila milisekunde.

Aina ya huduma huongeza uzito wa swali hilo. Anayepakua filamu huitwa mara moja akapewa mzigo mkubwa. Sauti huja vipande vidogo kila milisekunde 20, yaani mbiu 50 kwa sekunde kwa mzungumzaji mmoja. Ndiyo maana umeruhusiwa mpango wa kuitwa mara moja, kisha nafasi zikajirudia bila kutangazwa upya. Mita ya maji hulala saa nyingi na haina haraka. Kizazi cha tano, kilichoanza kibiashara Tanzania mwaka 2022, kimeongeza huduma zisizovumilia kungoja hata milisekunde moja: mnara unaweza kukatiza data ya mwenye filamu, ukapitisha ya dharura, kisha ukamjulisha kwamba kipande kile hakikuwa chake. Sura za mbele zitalichambua hilo polepole.

Usiogope hesabu zake, zinaanza na kitu unachoweza kupima mwenyewe. Leo usiku, ukitazama salio, hesabu sekunde tangu ulipobonyeza hadi orodha ilipofungwa. Kwenye GSM, huo ndio muda ulioshika baraza. Uandike daftarini, tutauhitaji katika sura ya kwanza.