Mdomo wa Ziwa

Kalemie, mji wa mashariki mwa Kongo, umejengwa mahali ambapo Ziwa Tanganyika linafungua mdomo. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na linapokea mito mingi, lakini njia ya kutokea ni moja tu: mto Lukuga, unaopita mjini hapa na kwenda magharibi hadi Lualaba. Maji ya Lukuga ni yale yale ya ziwani. Aliyewahi kusimama kwenye daraja lake hapati shida na Luka 6:45, pale Yesu anaposema kinywa huchota kwenye akiba ya moyo.

Mdomo huu, hata hivyo, uliwahi kufungwa. Mpelelezi Mwingereza Cameron alifika mwaka 1874 akauona. Stanley, mpelelezi mwingine, alipokuja miaka miwili baadaye alikuta matete na tope vimeuziba, maji hayaendi. Ziwa likawa linapanda kimya kimya, likimeza miti iliyokuwa nchi kavu. Mnamo 1878 kizuizi kilivunjika. Mwaka uliofuata Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society, alikuta mkondo mkali, na kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Nasimulia haya kwa sababu kanisani tumezoea kuhesabu ukimya kuwa usafi. Mkristo aliyetukanwa anameza, anatabasamu, anasema, "Nimemwachia Mungu." Wiki ijayo anameza tena. Watu wanamsifu kwa upole, na kumbe maji yanapanda. Yakobo anautaja ulimi kuwa moto, kweli, lakini sura hiyo hiyo ya tatu inauliza habari za chemchemi, na hapo ndipo wahubiri wengi wanapopita haraka.

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa "safi" katika Mathayo 5:8, *katharos*, lilitumika pia kwa ngano iliyopepetwa na divai isiyochanganywa na maji. Maana yake iko karibu zaidi na "kisicho na mchanganyiko" kuliko "kisicho na doa". Moyo wa namna hiyo unaweza kusema jambo zito, hata la kuuma, bila kuficha kisu ndani yake. Kalemie watu hawasemi sana "moyo", wanasema *roho*. "Ana roho mubaya" husemwa hata kuhusu mtu ambaye hajawahi kupaza sauti.

Mkoa huu umelipa gharama ya dharau iliyomezwa muda mrefu. Mapigano ya Watwa na Waluba, jamii mbili za huku, yaliyoanza 2013 na kuwaka tena 2016, yalikuwa na sababu nyingi: ardhi, madaraka, hata kodi ya viwavi waliookotwa porini. Siwezi kusema maneno matamu yangeyazuia. Lakini Watwa walilalamikia pia kudharauliwa na majirani zao, na familia nyingi zilizokimbia ziliishia kambini kandokando ya Kalemie. Mabaraza yaliyowakutanisha wawakilishi wa pande zote mbili yalihitaji kwanza mtu aseme alichokuwa amekimeza. Hapo neno la neema ni lile linalomruhusu mwingine amalize kusema.

Paulo, akiwaandikia Wakolosai (4:6), anataka maneno yao yakolee chumvi. Tunadhani anazungumzia ladha tu. Ufukweni, ambapo ndakala, yaani dagaa, huanikwa na samaki wakubwa waitwao mikebuka hupasuliwa, chumvi ina kazi nyingine pia: inazuia uozo. Asubuhi moja nilimtazama mama mmoja akifanya kazi hiyo. Kabla ya kushika chumvi alifunua mashavu ya kila samaki, akanusa, akabonyeza tumbo kwa kidole gumba. Mmoja, mkubwa na mwenye kung'aa, akamtupa pembeni. Nikamuuliza kwa nini asimtie chumvi nyingi zaidi.

"Ule ulisha kuoza, papa," akasema, akachukua mwingine.