Kinga ya gagoili

Wiki hii tuzungumzie mchezo. Si kandanda wala ndondi, bali mchezo ambao watu huucheza wakiwa wamekaa mezani, kwa karatasi, penseli, dado na maneno. Unaitwa Dungeons & Dragons. Waliutunga Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, nao ulichapishwa mwaka 1974.

Kila mchezaji huwa na mhusika wake: shujaa wa upanga, mchawi, kasisi au mwizi. Mmoja wao ndiye msimulizi na refa kwa pamoja. Yeye hueleza pango likoje na dubwana gani limetokea, kisha dado huamua nani kapiga na nani kakosa. Mhusika mmoja huweza kulelewa kwa miezi, hata miaka. Akifa, mwenye naye huumia kweli. Ndiyo maana sheria za mchezo huu hubishaniwa kama kesi mahakamani.

Ubishi mwingi hutokana na neno moja: kinga. Mifupa inayotembea haidhuriwi na sumu. Dubwana la moto haliungui. Hayo yanaeleweka. Lakini mtazame gagoili, yule kiumbe wa kutisha mwenye mabawa na umbo la sanamu ya jiwe. Kitabu cha viumbe cha mwaka 1977 kilisema hajeruhiwi ila kwa silaha yenye uchawi. Nia ilikuwa njema: mchezaji atumie akili, atafute upanga unaofaa au akimbie.

Sasa, magagoili wawili wakigombana wao kwa wao itakuwaje? Hawana panga, wana kucha na meno. Kwa sheria ile, wangepigana mpaka kiama bila hata mmoja kupata mkwaruzo! Ilibidi kitabu cha refa cha mwaka 1979 kiongeze jedwali: kiumbe mwenye nguvu ya kiwango fulani aliruhusiwa kumjeruhi mwenye kinga hata bila silaha ya uchawi.

Kiraka kimoja hakikumaliza matundu. Katika toleo la mwaka 2014, mtu anayegeuka mbwamwitu hadhuriwi na silaha za kawaida, isipokuwa zile zilizopakwa fedha au zenye uchawi. Je, akianguka kutoka juu ya jabali? Wengine husema ataamka na kujipangusa vumbi. Wengine hujibu kwamba kinga ni ya mashambulizi, na ardhi haimshambulii mtu. Kwa maandishi, hawa wa pili ndio wenye haki. Katika toleo hilohilo, nyoka wa kawaida aweza kuangushwa chini, ingawa tangu azaliwe anatambaa kwa tumbo.

Kichekesho kikubwa kilikuwa katika sheria za mwaka 2003. Aliyejeruhiwa vibaya alihesabiwa chini ya sifuri, na akifika kumi chini ya sifuri amekufa. Sheria ya kuzama majini nayo ilisema anayeanza kuzama hushuka hadi sifuri. Wajanja wakaipiga hesabu: mahututi aliye nane chini ya sifuri, ukimzamisha, anapanda! Maji yakawa dawa, walau kwa dakika hiyo.

Kwa maoni yangu, chanzo cha yote haya si uzembe. Kila kinga iliandikwa na mtu aliyekuwa akiwazia tukio moja tu: shujaa mbele ya dubwana. Hakuwazia dubwana mbele ya dubwana, wala dubwana mbele ya jabali. Vitabu vilipoongezeka, kinga zilizoandikwa mbalimbali zikaanza kukutana, na hapakuwa na aliyezipatanisha. Katika kitabu kipya cha viumbe cha mwaka 2025, watunzi wameiondoa kinga ile dhidi ya silaha za kawaida.

Hata hivyo, meza haiwezi kungoja toleo jipya. Vitabu vyenyewe vinampa refa neno la mwisho. Hapo ndipo penye mtihani. Refa mzuri huuliza sheria ilikusudia nini, akatamka uamuzi wake kabla dado haijarushwa, na wiki ijayo akautumia uamuzi uleule hata kama unamuumiza rafiki yake. Refa mbaya hungoja aone dado imeangukaje, ndipo aikumbuke sheria. Wachezaji humvumilia refa aliyekosea mbele ya wote. Anayebadilika kufuatana na mtu, meza yake huvunjika.

Nasi tulioko nje ya mchezo tuna cha kuchukua. Neno kinga limo pia katika sheria za nchi na kanuni za vyama. Kila anayeliandika hana budi kujiuliza swali la magagoili: wenye kinga wawili wakikwaruzana, nani ataumia, na nani ataamua?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.