Wageni Wameamka, Chai Iko Wapi?

Bajeti ya harusi ya Dar es Salaam haisahau kitu. Ukumbi una mstari wake, mapambo yana mstari wake, na hivyo hivyo MC, keki, mpiga picha, vinywaji na magari. Kamati hukutana kwa miezi, hukusanya michango, hubishana hata juu ya rangi ya vitambaa vya viti. Kisha Jumamosi inafika, watu wanacheza mpaka usiku wa manane, na Jumapili asubuhi nyumbani kwa mwenye shughuli wanaamka watu thelathini: mashangazi kutoka Moshi, binamu kutoka Mwanza, wajomba waliolala kwenye magodoro ya kuazima. Wote wana njaa. Asubuhi hiyo haikuwa na mstari kwenye bajeti.

Pwani jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Neno fungate, ambalo siku hizi watu hulitumia kwa safari ya kwenda hotelini, asili yake ni siku saba baada ya ndoa, ambapo maharusi walikaa ndani na kuletewa chakula. Jiko la harusi, kwa hesabu hiyo, halikuzimwa siku ya sherehe. Wanawake wa nyumba walijua tangu mwanzo kwamba kesho yake kuna sinia la kujaza, na kesho kutwa pia.

Mwenye shughuli wa leo hahitaji siku saba. Anahitaji chai ya saa nne: mlo wa kati, mzito kuliko kifungua kinywa cha kawaida na mwepesi kuliko chakula cha mchana, unaowakuta watu wakiwa wameshaoga na kuanza kusimuliana nani alicheza vipi. Tena anahitaji mlo ambao kazi yake kubwa imekwisha kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumapili hakuna mwenye nguvu ya kumenya vitunguu.

Njia rahisi ya kuchagua ni kukiuliza kila chakula: ukilala, unaamkaje? Viko vinavyoamka na ladha nzuri kuliko vilivyolala nayo, kama mbaazi na supu. Viko visivyojali, kama mkate wa mayai. Na viko vinavyoamka wagonjwa. Chipsi hulegea, mayai ya kukaanga huwa kama raba, kachumbari hugeuka maji. Hivyo vya mwisho vifutwe kwenye orodha hata kama mjomba anavipenda.

Mbaazi za nazi zinastahili nafasi ya kwanza. Kwa watu thelathini, kilo mbili za mbaazi kavu na nazi tano zinatosha. Mbaazi zinalowekwa Alhamisi usiku, zinachemshwa Ijumaa mpaka zinapondeka kwa vidole, kisha zinapoozwa na kuwekwa kwenye friji bila tui. Hapa ndipo wengi hukosea: huunga zote na nazi siku hiyo hiyo ili wamalize kazi. Tui ni jepesi kuchacha, na kwenye joto la Dar halisamehe. Ni heri nazi zikunwe mapema, tui zito likamuliwe na kugandishwa kwenye friza. Likiyeyushwa litaonekana limejitenga, maji huku na mafuta kule, lakini likikorogwa kwenye moto wa wastani hurudi lilivyokuwa. Jumapili asubuhi kinachobaki ni kuchemsha mbaazi barabara, kumimina tui, kutia bizari, chumvi na pilipili nzima, na kukoroga bila kukoma ili lisikatike. Kazi ya nusu saa, hata kwa mtu ambaye bado ana hina mikononi na usingizi machoni.

Supu hupikwa kwa akili hiyo hiyo. Mifupa na nyama ya ng'ombe vinachemshwa Ijumaa na tangawizi, vitunguu swaumu na chumvi. Ikilala kwenye friji, mafuta huganda juu kama sahani nyeupe, na asubuhi huondolewa kwa kijiko kikubwa. Supu inabaki safi, ikingoja limau na pilipili tu. Waliochelewa kuagana na chupa usiku wataiulizia kabla hata ya kusalimia. Kwa wageni wa Kilimanjaro, sehemu ya supu hiyo ndiyo msingi wa mtori. Nao ukilala huwa mzito mno, kwa hiyo hurudishwa kwa kuongezewa supu ya moto kidogo kidogo.

Sufuria kubwa isiingizwe kwenye friji ikiwa ya moto, na isiachwe mezani usiku kucha ipoe yenyewe. Katikati ya lita ishirini za supu joto hukaa saa nyingi, na vijidudu hupenda uvuguvugu huo. Igawanywe kwenye vyombo vifupi, au isimamishwe kwenye beseni la maji baridi huku ikikorogwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, friji liwe chini ya nyuzi 5, na kinachopashwa kifike angalau nyuzi 70. Asiye na kipimajoto atazame mapovu: kichemke kote, si pembeni tu.

Sambusa hufungwa mapema wiki hiyo, nyama ikiwa imepoa kabisa, hupangwa bila kugusana na kugandishwa zikiwa mbichi. Huingia kwenye mafuta moja kwa moja kutoka kwenye friza. Zikiachwa ziyeyuke kwanza, manda hulowa na kupasuka. Mkate wa mayai, ambao ni mayai, sukari, unga na iliki tu, huokwa Ijumaa na hukaa vizuri kwenye chombo chenye mfuniko. Chapati zinaweza kusukumwa na kubabuliwa kavu siku hiyo hiyo, kisha zitiwe mafuta asubuhi.

Na maandazi? Kitabu cha mapishi kitasema unga ukandwe Jumamosi usiku na uumuke kwenye friji. Mkandaji wa saa nane za usiku, akiwa ndani ya gauni la harusi, hajawahi kuonekana. Karibu kila mtaa una mama anayekaanga maandazi alfajiri, na aliyepewa oda ya maandazi tisini pamoja na malipo ya awali siku tatu kabla hatachelewa. Kumwagizia si uvivu. Pesa za kazi hiyo ni ndogo mbele ya gharama ya kukodi viti vya ukumbini, na watoto wanaweza kutumwa kuyafuata yakiwa bado yanatoa moshi.

Kisha kuna kiporo. Pilau iliyobaki ukumbini inapendwa sana asubuhi, na ndiyo chakula kinachotakiwa kuogopwa kuliko vyote mezani. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi ukiwa vuguvugu, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo ya kutapisha haiondoki kwa kupasha tena, hata moto uwe mkali kiasi gani. Pilau iliyotoka jikoni saa nane mchana na kurudi nyumbani saa saba usiku haina tena sifa ya kuitwa kiporo. Anayekitaka kwa dhati amwambie mpishi atenge sinia moja kabla chakula hakijapakiwa kwenda ukumbini, kitandazwe kipoe upesi, kiingie kwenye friji mchana huo huo.

Umeme nao una tabia zake. Ukikatika, friza iliyojaa huweza kushikilia baridi kwa karibu saa 48 ikiwa mlango haufunguliwi, iliyo nusu kama saa 24, lakini friji la kawaida ni saa nne tu. Kwa hiyo chupa za maji yaliyoganda zijazwe kila penye nafasi, na mtu mmoja akabidhiwe ulinzi wa mlango dhidi ya watafuta soda. Mtungi wa gesi upimwe uzito Ijumaa, au jiko la mkaa liwe tayari.

Chai yenyewe ipikwe mwisho. Lita kumi na mbili zinatosha watu thelathini kwa vikombe viwili kila mmoja, nusu maziwa na nusu maji, pamoja na iliki na tangawizi. Sukari iwekwe pembeni, maana karibu kila ukoo una mzee aliyekatazwa. Ikishaiva, iingie kwenye chupa za chai, si kurudishwa motoni kila mgeni anapoamka.

Wapo ambao hawatakuwepo saa nne. Mabasi ya Mwanza na Arusha huondoka mapema katika kituo cha Magufuli, Mbezi, na shangazi mwenye tiketi ya alfajiri hawezi kungoja tui lichemke. Fungu lake liandaliwe Jumamosi mchana: vipande vya mkate wa mayai na ndizi mbivu, ndani ya mfuko wa karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Mfuko uandikwe jina na kuwekwa karibu na mlango, ili anayetoka gizani auchukue bila kumwamsha mtu.

Sufuria za majirani zirudi Jumapili hiyo hiyo jioni. Wengine wameziandika majina kwa rangi kwenye kitako. Zile zisizo na alama ndizo zitakazoleta maneno.