Mafunzo ya Ukumbini, Habari za Kwenye Tope

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyobeba mawe, magogo na tope yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, yakafagia nyumba watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Saa chache baadaye vyombo vingi vya habari, vya Kenya na vya nje, vilikuwa vimeshataja chanzo: bwawa la Old Kijabe limepasuka. Kisha Wizara ya Maji ikaeleza vingine. Kwa maelezo yake, hakuna bwawa lililopasuka. Njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na magogo na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, hatimaye yakalizidi nguvu.

Maelezo hayo hayampunguzii uchungu aliyefiwa. Lakini yana uzito mkubwa kwa mtu anayeishi chini ya bwawa jingine, kwa mhandisi anayepaswa kuzibua makalavati kabla ya mvua zijazo, na kwa familia inayotaka kujua nani awajibike. Bwawa lina mwenyewe na reli ina mwenyewe. Habari ikikosea chanzo, lawama huenda kusikohusika na kalavati linabaki limeziba.

Matukio ya namna hii ndiyo hutajwa katika kurasa za mwanzo za maandiko ya miradi ya kuwafundisha waandishi wa mikoani kuripoti maafa ya asili kwa usahihi na usalama. Hoja ya miradi hiyo ni ya kweli, nami naiunga mkono. Mwandishi wa wilayani ndiye hufika mwanzo. Anaijua lugha ya wenyeji, anajua mto ulipita wapi miaka iliyopita, na wageni wakishaondoka yeye bado yupo. Akikosea, kosa lake husomwa duniani kabla ya jua kuchwa. Akisombwa na maji, mkoa mzima hupoteza mtu wa kuusemea. Mafunzo yanahitajika. Ninalotaka kulitazama ni namna yanavyofika chini, kwa kuwa kati ya andiko la mradi na tope lenyewe kuna mambo mengi ambayo bajeti haikuyaona.

Ukumbini

Mafunzo ya kawaida huchukua siku mbili au tatu, katika ukumbi wa hoteli ya makao makuu ya mkoa. Mgeni rasmi anafungua, mwezeshaji anawasha projekta, washiriki wanagawiwa vitini na kupigwa picha ya pamoja. Siku ya mwisho kuna vyeti na posho. Mada zenyewe ni nzuri: thibitisha kabla ya kurusha, heshimu maiti na wafiwa, usiingie kwenye maji usiyoyajua kina. Baadaye ripoti ya mradi inahesabu waliohudhuria, wanawake wangapi, wanaume wangapi, redio ngapi. Mbele ya mfadhili, kazi imekwisha.

Anayejua maisha ya vyumba vya habari vya mikoani huuliza kwanza ni nani aliyekuja. Kituo kikiambiwa kilete mtu mmoja, mara nyingi huenda yule ambaye pengo lake halitaonekana, au yule ambaye zamu yake ya kupata posho imefika. Mhariri wa zamu, ambaye usiku wa maafa ndiye atakayeamua kichwa cha habari na namba itakayosomwa, hakualikwa. Miezi ikipita, mwandishi aliyeiva hupata kazi ya uafisa habari serikalini au katika shirika. Hakuna wa kumlaumu, maana redio jamii nyingi huendeshwa na watu wanaojitolea, na waandishi wengi wa magazeti mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka. Kituo hubaki na cheti ukutani, na ujuzi unakuwa umehama.

Hapo ndipo naona kasoro ya mpango wenyewe. Mradi humfundisha mtu mmoja, ilhali habari ya maafa hupita mikononi mwa watu wengi: mwandishi aliye kwenye tope, mhariri aliye mezani, mtangazaji aliye hewani, afisa wa halmashauri mwenye takwimu, mtaalamu wa hali ya hewa mwenye utabiri. Kama hawa hawajawahi kukaa pamoja, usiku wa maafa hawatajuana.

Namba zinazopanda

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara nchini Tanzania. Idadi ya waliofariki iliyotangazwa ilipanda kutoka 47 hadi 63, kisha 76, na hatimaye 89. Kila moja ilikuwa sahihi kwa saa yake, maana miili iliendelea kufukuliwa. Hata hivyo, mtu aliyesoma magazeti mawili na kusikiliza redio moja siku ile ile angeweza kukutana na namba tatu na kuona kuna anayedanganya. Dawa yake ni ndogo: taja saa na taja aliyetoa idadi. "Hadi saa kumi jioni, kwa mujibu wa mkuu wa mkoa." Maneno hayo machache humkinga mwandishi, humkinga afisa, na humpa msikilizaji sababu ya kuendelea kuamini.

Ukumbini sentensi hiyo huandikwa na kila mtu kama ilivyofundishwa. Mezani mhariri huikata ili habari iingie kwenye nafasi iliyopo. Mwandishi anaweza kuwa amefunzwa vizuri na bado kazi yake ikatoka na kosa ambalo yeye hakulifanya.

Kuna pia suala la nani anaruhusiwa kusema. Katika maafa makubwa nchini Tanzania msemaji huwa mkuu wa wilaya au wa mkoa, ambaye huongoza kamati ya maafa ya eneo lake. Saa za mwanzo kiongozi huyo naye yuko uwanjani na simu yake haipatikani. Daktari ameambiwa asizungumze, mtendaji wa kijiji anaogopa. Mwandishi anakumbuka kanuni ya vyanzo viwili, lakini hana hata kimoja. Wakati huo makundi ya WhatsApp yameshajaa picha za mafuriko ya nchi nyingine na sauti za watu wasiojulikana. Kimya cha mamlaka huipa tetesi nafasi. Hanang, Serikali ilieleza kwa kunukuu wataalamu wa miamba kwamba sehemu dhaifu ya mlima ilinyonya maji ikameguka. Maelezo ya aina hii yakitoka mapema, na yakitolewa na mtu anayeweza kuulizwa maswali, huokoa kazi ya waandishi wengi kwa mara moja.

Utabiri nao una ugumu wake. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, nacho kikaingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika pwani ya Tanzania. Wapo waliosema Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania iliwatisha bure. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikafika Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu, lakini mvua zake ziliikata barabara ya kusini huko Kilwa na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Mwandishi aliyezoea kuandika "kimbunga kitapiga" hujijengea siku ya kuaibika, na siku hiyo humwondolea msikilizaji imani wakati anapoihitaji zaidi. Anayejua kueleza kwamba tahadhari huzungumzia uwezekano, na kwamba rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu zina maana tofauti, huwaandaa watu kuelewa hata kimbunga kinapogeuza njia.

Hatari iliyo barabarani

Mada ya usalama hupenda kuzungumzia maji na moto. Katika nchi zetu, hatari kubwa ya mwandishi mara nyingi ni safari yenyewe. Tarehe 11 Januari 2022, huko Busega mkoani Simiyu, ajali ya barabarani iliua watu 14, wakiwamo waandishi wa habari waliokuwa katika msafara wa mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Walikuwa wakienda kuripoti miradi ya maendeleo, hakukuwa na maafa yoyote. Mwandishi asiye na gari wala nauli hupanda gari analopewa, hukimbia kwa mwendo wa msafara, na hana nafasi ya kumwambia dereva apunguze.

Siku ya mafuriko hali huwa ngumu zaidi. Anakodi bodaboda kwa fedha yake, akitumaini kurudishiwa habari ikitoka. Hana buti, hana jaketi okozi, simu yake inabaki na chaji kidogo na umeme umekatika. Kitini kinamwambia asikaribie kingo za mto, lakini anajua asipoleta picha ya karibu, picha itakayotumika ni ya mwingine, na malipo yatakuwa ya mwingine. Kumfundisha usalama mtu anayelipwa kwa kipande bila kugusa namna anavyolipwa ni kumpa ushauri ambao hana uwezo wa kuufuata. Ndiyo maana naamini fungu moja la bajeti ya mafunzo lingefaa kuwekwa kwenye bima, nauli na vifaa vya pamoja. Klabu za waandishi wa habari zipo mikoani. Sanduku la buti, jaketi okozi, betri za akiba na simu za upepo likikaa katika ofisi ya klabu, kwa daftari la kusaini, litadumu kuliko vitini.

Habari kwa walioko ndani ya maafa

Mei 2021 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulionyesha jambo ambalo mafunzo mengi hulipita haraka. Jioni ya tarehe 22 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na lava ikasimama pembezoni mwa mji. Tarehe 27 mamlaka zikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, kwa hofu ya mlipuko mwingine ardhini au chini ya Ziwa Kivu, ambalo lina gesi nyingi kilindini. Mamia ya maelfu ya watu wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Watoto wakapotezana na wazazi. Siku mbili baadaye Serikali ikatangaza kwamba mlima mwingine, Murara, nao umelipuka, kisha ikasahihisha: moshi ulioonekana haukuwa wa volkano.

Msikilizaji wa Goma siku zile hakuwa na haja ya kusimuliwa kwamba mji wake uko katika hofu. Alihitaji kujua barabara ipi inapitika, maji salama yako wapi, mtoto aliyeokotwa apelekwe kwa nani, na kama tangazo alilolisikia asubuhi bado linasimama. Hii ni kazi ya redio iliyo karibu na watu, kwa Kiswahili chao, na inahitaji ustadi wake: kurudia taarifa muhimu kila baada ya muda, kutangaza masahihisho kwa sauti ile ile iliyotangaza kosa, kukubali simu za wasikilizaji bila kugeuza kila simu kuwa ukweli. Hata serikali ilijikuta ikisahihisha kauli yake. Mwandishi aliyefunzwa kunakili tangazo tu angebaki na kosa mkononi.

Panapoonekana njia

Ipo mipango iliyoelewa jambo hili. Kenya, Idara ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha redio ndogo za jamii katika maeneo yenye hatari zinazojulikana: Kangema huko Murang'a, kwenye miteremko ya maporomoko ya ardhi, na Bulala huko Budalang'i, ambako Mto Nzoia hufurika. Thamani ya wazo hilo ni kwamba liliunganisha mtabiri na mtangazaji katika kazi ya kila siku, kwa lugha ya mahali, kabla ya maafa kutokea. Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa imejenga desturi ya kukutana na wanahabari kabla ya kutangaza mwelekeo wa msimu wa mvua. Hatua inayofuata ni mikutano hiyo ishuke hadi wilayani, na meza hiyo iongezwe viti vya wahariri na wajumbe wa kamati za maafa.

Kama ningeombwa kupanga upya mradi wa mafunzo, ningeanza na kalenda: Septemba kabla ya Vuli, Februari kabla ya Masika, badala ya mwezi ambao fedha ya mfadhili inaelekea kumalizika muda. Siku moja ya ukumbini ingetosha. Siku ya pili ingekuwa ya zoezi mtoni: mwandishi uwanjani, mhariri mezani, afisa wa maafa na mtaalamu wa hali ya hewa kwenye simu, mtandao ukikatwa makusudi, idadi ya waathirika ikibadilika kila saa. Kabla ya kutawanyika wangeandika makubaliano ya ukurasa mmoja: nani msemaji, nani anashika nafasi yake akikosekana, taarifa zitatolewa saa ngapi, masahihisho yatarushwaje, nani analipa nauli. Kila kituo kingeleta watu wawili ili mmoja akihama ujuzi ubaki.

Tathmini nayo ingebadilika. Badala ya kuhesabu vyeti, mradi ungesubiri mafuriko ya kwanza baada ya mafunzo na kuuliza: chanzo kilitajwa sawasawa? Namba zilikuwa na saa na mwenyewe? Kosa lilisahihishwa baada ya muda gani? Wakazi walisikia tahadhari mapema, na walifanya nini waliposikia? Waandishi wote walirudi nyumbani salama? Maswali haya ni magumu kwa mfadhili, kwa sababu majibu yake huja baada ya akaunti ya mradi kufungwa. Basi fungu la tathmini litengwe tangu mwanzo, likabidhiwe klabu ya waandishi ya mkoa pamoja na kamati ya maafa, na lisiguswe mpaka mvua inyeshe. Mfadhili atakayekubali kusubiri kiasi hicho ndiye atakayejua kama fedha yake ilimfikia mtu wa bondeni.